Dampo limefungwa, lakini nani anapima? (Hotuba yote, kwa mliokosa mkutano)

Wengi mmeniandikia mkitaka maneno niliyosema kwenye mkutano kuhusu dampo la zamani, basi nimeyaweka hapa yote kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha. Pale ambapo sentensi inakimbia mnivumilie, ndivyo ninavyoongea.

Habari za asubuhi ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, majirani wa dampo, na nyie vijana wa mazingira mliojificha huko nyuma mkidhani sitawauliza maswali, karibuni wote.

Nianze na swali. Dampo linakufa lini? Siku lori la mwisho linamwaga? Siku geti linapigwa kufuli? Siku katapila linasambaza udongo juu, nyasi zinaota, na watu wanaanza kusema jamani hapa si tutengeneze uwanja wa mpira?

Nimesikia mtu kasema siku ya kufuli. Hapana ndugu yangu. Siku ya kufuli sisi ndo tumeacha kuliangalia, lenyewe linaendelea na kazi zake. Chini ya zile nyasi taka zinaoza, mwanzoni zinaoza kwa kutumia hewa iliyobaki katikati ya taka, hiyo hewa ikiisha, na inaisha mapema tu, wanaingia vijidudu wasiohitaji oksijeni kabisa, na hao ndo wanatengeneza gesi. Gesi ya dampo lililokomaa kwa kawaida karibu nusu yake ni methani, asilimia 45 mpaka 60 hivi, na sehemu kubwa iliyobaki ni hewa ukaa. Halafu mvua ikinyesha, maji yanayopenya kwenye udongo yanapita katikati ya taka, yanabeba kila kinachoyeyuka, yanatokea chini yakiwa meusi, yananuka, na yanatafuta njia ya kwenda kwenye maji ya chini ya ardhi.

Kwa muda gani? Sheria ya Marekani inamtaka mwenye dampo aendelee kuliangalia miaka 30 baada ya kulifunga, na mamlaka ikiona bado kuna hatari inaongeza. Miaka 30! Mtoto aliyezaliwa siku ya kufuli anaweza kuwa na watoto wake mwenyewe na dampo bado linapimwa.

Sasa leo sikuja kuwatisha, na sikuja kuwafundisha kemia. Nina neno moja tu na nitalizungusha mpaka mlichoke. Dampo tulipime siku yake mbaya. Wengi wetu tunalipima siku yetu nzuri, siku gari lina mafuta, jua limetoka, njia ni kavu, tunachukua namba, tunarudi ofisini, tunaandika hakuna tatizo. Tumepima siku yetu nzuri. Siku yake mbaya hatukuwepo.

Tuanze na gesi.

Methani haina rangi. Methani haina harufu. Ile harufu mnayoisikia kwenye gesi ya kupikia imewekwa makusudi kiwandani ili mtu ashtuke. Gesi ya dampo unaweza kuisikia inanuka kwa sababu ya vitu vingine vidogo vidogo vilivyomo, lakini ikishasafiri ndani ya udongo ile harufu inaweza kubaki njiani, na gesi yenyewe ikafika kwako safi kabisa huna habari. Ikichanganyika na hewa ikawa kati ya asilimia 5 na asilimia 15, hapo inasubiri cheche tu. Swichi ya taa. Friji ikijiwasha. Sigara.

Mwaka 1969 kule Winston-Salem, North Carolina, Marekani, kulikuwa na jengo la jeshi la akiba jirani na dampo. Gesi ikasafiri chini kwa chini ikaingia kwenye chumba cha chini cha jengo. Mtu akawasha sigara. Watu 3 wakafa, wengine 5 wakaumia vibaya. Dampo halikuwa chini ya jengo jamani, lilikuwa jirani.

Sasa mtu ataniuliza, methani si ni nyepesi kuliko hewa, si ingepanda juu ikaondoka zake? Swali zuri. Ingepanda kama tungeiachia njia ya kupanda. Lakini sisi tumefanya nini? Tumeshindilia udongo wa mfinyanzi juu ili maji yasiingie, na hiyo ni sawa kabisa, maji hatuyataki, ila sufuria ukilibana kifuniko vizuri mvuke unatafuta pembeni. Gesi inatafuta pembeni. Inaingia kwenye mchanga, kwenye nyufa za miamba, kwenye mtaro uliochimbwa kwa ajili ya bomba au waya wa umeme halafu ukafukiwa na mchanga laini, na huo mtaro unaipeleka mpaka chini ya sakafu ya mtu. Mvua nayo ikilowesha udongo wa juu, vile vitundu vya kutokea vinajaa maji, gesi inazidi kusukumwa pembeni. Mnaona? Hatua nzuri kabisa ya kuzuia maji, kama hukuiwekea gesi mabomba ya kutokea, umeihamishia kwa jirani.

Na hapa ndo nataka mnisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote leo.

Kijiji cha Loscoe, Derbyshire, Uingereza. Palikuwa na shimo la zamani walikochimba udongo wa matofali, likajazwa taka, likafungwa mwaka 1982. Tarehe 24 Machi 1986, saa 12 na nusu asubuhi, nyumba moja ya jirani ikalipuka ikasambaratika yote. Waliokuwa ndani walikuwa watu 3, wakaumia vibaya, ila walitoka hai. Kati ya nyumba na dampo palikuwa na makumi ya mita za ardhi ambayo ukiitazama kwa macho ni ardhi ya kawaida tu.

Swali ni hili. Kwa nini siku ile? Dampo lilikuwa limefungwa tayari miaka minne, gesi ilikuwepo jana yake, ilikuwepo wiki iliyopita, kwa nini asubuhi ile?

Presha ya hewa. Ndani ya muda wa saa 7 tu presha ya hewa ilishuka milibari 29. Hiyo ni nyingi mno kwa muda mfupi hivyo. Hewa ya nje ikiwa nzito inaikandamiza gesi ibaki ardhini, ikiwa nyepesi ghafla gesi ya ndani ina nguvu kuliko ya nje, inatoka. Inatoka kwenye nyufa, inatoka chini ya sakafu, inatoka popote. Watu wa kazi hii wanasema dampo linapumua, na kweli linapumua, presha ikipanda linavuta, presha ikishuka linatoa. Loscoe lilitoa pumzi moja kubwa usiku mmoja.

Denmark mwaka 1991, mahali panaitwa Skellingsted, habari ileile, dampo, nyumba ya jirani, presha ya hewa imeshuka, mlipuko. Watu 2 walikufa.

Sasa rudini kwenye ratiba zetu. Sheria ya Marekani inasema gesi ipimwe angalau mara moja kila miezi mitatu. Angalau! Sisi tukisoma "angalau" tunaelewa "inatosha". Mtu anaenda Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, jua linawaka, presha iko juu imetulia. Miezi mitatu anarudi, Jumatatu, saa nne, jua. Mwaka unaisha ana vipimo vinne vizuri vya siku nne nzuri. Hivyo vipimo vinne vimekuambia nini kuhusu usiku wa Loscoe? Havijakuambia kitu.

Kinachotakiwa ni kuangalia utabiri wa hali ya hewa kabla ya kupanga safari. Presha inashuka kesho? Safari ni kesho. Kule Uingereza wanaojua kazi wanahakikisha sehemu ya vipimo imechukuliwa presha ikiwa inashuka, na iko chini ya milibari 1000. Na kwenye fomu, juu kabisa kabla ya namba ya kisima, yaani lile bomba lililozamishwa ardhini la kupimia gesi, unaandika presha ni ngapi na inaelekea wapi, inapanda, imetulia, au inashuka. Fomu isiyo na hicho kitu mimi siisomi, nawaambia ukweli, naiweka pembeni. Kama hela ipo, unaacha mashine ndani ya kisima inajipima yenyewe kila saa, usiku na mchana, mvua na jua, hiyo haichagui siku.

Vijana, tuje kwenye mashine sasa, maana hapa wengi wanaanguka.

Kuna namba mbili zinazofanana majina zinachanganya watu. Mashine moja inasoma methani kwa asilimia ya hewa yote. Nyingine inasoma asilimia ya kiwango cha chini cha kulipuka, yaani ile asilimia 5 yenyewe inaiita 100. Kwa hiyo ukiona 20 kwenye kioo, uliza kwanza 20 ya nini? Kama ni 20 ya mlipuko, hiyo ni asilimia 1 tu ya hewa. Kama ni 20 ya hewa yote, basi una gesi nyingi kupita hata kiwango cha juu cha kulipuka, na ukiiongezea hewa kidogo inarudi ndani ya hatari. Namba ileile! Kule Marekani kikomo ndani ya jengo ni robo ya kiwango cha kulipuka, yaani asilimia 1.25 ya hewa, na kwenye mpaka wa eneo kikomo ni hiyo asilimia 5. Mtu akikupa ripoti imeandikwa "methani 4" bila kusema 4 ya nini, mrudishie.

La pili baya zaidi. Ziko mashine ndogo zinazogundua gesi kwa kuiunguza ndani kwenye kishanga kidogo cha moto. Kuunguza kunataka nini? Oksijeni. Sasa ichukue hiyo mashine uiweke kwenye kisima cha gesi chenye methani asilimia 50 na oksijeni hakuna kabisa. Inasoma nini? Inaweza kusoma chini sana, inaweza kusoma sifuri. Sifuri jamani, juu ya gesi tupu! Ndo maana kwenye visima tunatumia mashine ya infraredi, inayopima kwa mwanga usioonekana kwa macho, ambayo haihitaji kuunguza kitu, na zile ndogo tunaziacha kwa kazi yake, kukulinda wewe unapotembea kwenye hewa ya kawaida.

La tatu, na hili nina kisa chake. Niliwahi kupewa ripoti ya mkandarasi mmoja niipitie, sitamtaja. Kisima cha mpakani, kiangazi methani ipo, kipindi cha mvua sifuri, mvua ya mwaka uliofuata sifuri tena. Chini ameandika gesi inapungua. Nikafurahi kama watu wengine wote, nikafungua ukurasa wa nyuma kwenye kina cha maji. Maji yalikuwa yamepanda mpaka juu ya matundu yote ya bomba. Mnanielewa? Bomba la kisima cha gesi lina matundu upande wa chini ndo gesi inaingilia hapo, ukishayafunika kwa maji gesi haiingii, unapima hewa iliyofungiwa kwenye bomba. Ile sifuri ilikuwa ya bomba. Ya ardhi hatukuwa nayo. Na ni kipindi cha mvua, wakati uleule udongo wa juu umeziba na gesi inasukumwa pembeni! Siku mbaya ya dampo imeandikwa kama siku nzuri kuliko zote.

Kwa hiyo ukifika kwenye kisima cha gesi, nenda taratibu. Angalia koki imefungwa, kama umeikuta wazi andika, maana kipimo hicho kina walakini. Unganisha mrija. Kabla ya kuvuta hata chembe ya gesi soma presha ya ndani ya kisima na kasi ya gesi inayotoka, ukishavuta umeshaiharibu hiyo namba haitarudi. Halafu vuta, simama, tazama kioo. Methani inapanda, inapanda, inafika kilele, inaweza kushuka kidogo inatulia. Andika kilele na andika ilipotulia. Angalia oksijeni, kama ni 20 na kitu unavuta hewa ya nje, kuna mahali panavuja, kizibo au mrija wako. Hewa ukaa usiidharau, wakati mwingine inatangulia kufika kuliko methani kwa sababu methani ikipita kwenye udongo wenye hewa kuna vijidudu vinaila njiani vinaigeuza hewa ukaa. Ukishamaliza kuvuta ndo unafungua kizibo unashusha kamba ya kupimia kina cha maji. Maji yamefunika matundu? Andika kwa herufi kubwa.

Na tafadhali, mashimo na machemba yaliyoko eneo la dampo usiingize kichwa. Hewa ukaa ni nzito, inalala chini kwenye shimo, ikiwa nyingi mtu anadondoka bila kupiga kelele, na anayemfuata kumwokoa anadondoka juu yake.

Haya, tuje kwenye maji. Hapa nitakwenda haraka kidogo maana jua linawaka na nawaona akina mama wanahangaika na watoto.

Gesi ina haraka, maji hayana haraka. Nitoe hesabu ndogo. Chukua mchanga wa kawaida unaopitisha maji mita 10 kwa siku kama mteremko ungekuwa wima kabisa. Mteremko wa maji chini ya ardhi ni mdogo, tuseme yanashuka mita 5 katika kila kilomita. Na maji yanapita kwenye vitundu tu, tuseme robo ya udongo wote. Piga hesabu, unapata sentimita 20 kwa siku, mita 73 kwa mwaka. Kwenye mfinyanzi ni kidogo mno, sentimita chache kwa mwaka au pungufu. Kwenye miamba yenye nyufa hesabu hii sahau kabisa, yanaweza kukimbia.

Maana yake nini? Maana yake uchafu uliotoka kwenye dampo siku ya kufuli unaweza kufika kwenye kisima cha mtu wakati waliofunga dampo wote wameshastaafu. Na ukishafika ndo umefika, huwezi kuurudisha kesho.

Kambi ya Borden, Ontario, Canada, palikuwa na dampo juu ya mchanga, lilianza mwaka 1940 likafungwa 1976. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo wakaenda wakachimba visima vya kupimia vingi, na wakafanya kitu cha akili sana, mahali pamoja waliweka vimirija vingi kila kimoja kinaishia kina chake, kimoja mita kadhaa, kingine chini zaidi, kingine chini zaidi tena. Wakaukuta uchafu umeshatembea zaidi ya nusu kilomita, na haukutembea juu juu, ulizama ukaenda chini. Sasa mtu mwenye kisima kimoja kifupi angechota maji safi ya juu, akaondoka anachekelea. Mwenye kisima kirefu chenye matundu juu mpaka chini angechota mchanganyiko, maji safi yamepunguza machafu, namba inaonekana ya kawaida. Ukiniuliza mimi kisima kinaishia wapi kinanisumbua kuliko idadi ya visima.

Waliufuata uchafu kwa kutumia nini? Kloraidi, chumvi. Kloraidi haishikwi na udongo, haili kitu wala hailiwi, inakwenda sambamba na maji, kwa hiyo ndo ya kwanza kufika. Amonia inakuja nyuma kwa sababu udongo unaing'ang'ania, lakini ikishaanza kufika haiondoki leo wala kesho. Kwa hiyo kloraidi ikianza kupanda kwenye kisima chako cha mpakani, hata kama bado iko chini ya kikomo chochote cha maji ya kunywa, usiseme iko ndani ya kikomo tulale. Uliza kwa nini inapanda. Inapanda, inapanda, inapanda, huo mwelekeo ndo habari yenyewe.

Lakini inapanda kulinganisha na wapi? Hapa lazima uwe na kisima cha juu, upande maji yanakotoka kabla hayajafika kwenye dampo. Bila kisima cha juu mwenye dampo atakuambia hiyo chumvi ni ya ardhi ya hapa siku zote, na wewe huna cha kumjibu. Na utajuaje juu ni wapi? Usiangalie mlima. Maji ya chini hayafuati nyasi. Unahitaji visima vitatu angalau, vimekaa pembetatu, mdomo wa kila bomba umepimwa urefu wake kutoka usawa wa bahari, halafu unashusha kamba, kamba inalia tiii ikigusa maji, unasoma kwenye alama iliyokwanguliwa ukingoni mwa bomba. Alama ileile kila mara! Mwingine anasoma upande wa kaskazini, mwenzake mwezi ujao anasoma upande wa kusini ambako bomba limekatwa vibaya, sentimita mbili zimepotea, na mahali mteremko ni mdogo hizo sentimita mbili zinaweza kugeuza mwelekeo wote wa maji kwenye ramani. Na mwelekeo wenyewe unaweza kubadilika kweli, mto ukijaa, au jirani akiweka pampu kubwa. Kwa hiyo visima pimeni kiangazi na pimeni masika.

Kuna jambo linashangaza watu kwenye maji haya. Chuma. Mnachota maji kwenye kisima yanatoka meupe kabisa, mnayaacha kwenye ndoo, baada ya muda yanakuwa na rangi ya kutu. Watu wanasema chuma kimetoka kwenye mabati yaliyotupwa dampo. Mara nyingi sivyo. Yale maji meusi yanapopita yanamaliza oksijeni yote ardhini, na udongo usipokuwa na oksijeni unaachia chuma chake wenyewe, unaachia manganizi, na kama una aseniki unaweza kuiachia nayo. Yaani sumu haikuwa kwenye taka, ilikuwa imelala kwenye udongo wenu, dampo limeiamsha. Ndo maana sampuli ya metali inachujwa palepale kisimani, kichujio cha mikroni 0.45, inatiwa asidi palepale. Ukisubiri mpaka maabara chuma kimeshagandia kwenye chupa na ripoti inasema hakuna chuma.

Na ile chupa ndogo ya kemikali zinazoruka hewani, ile ya mililita 40, mnaijaza mpaka maji yafanye kibonge mdomoni, mnafunga, mnaigeuza juu chini, mnaigonga na kidole. Mmeona kapovu kanapanda? Mwageni, jazeni upya. Kemikali zenyewe zimekimbilia kwenye hicho kapovu.

Nimalizie na watu na makaratasi, halafu maswali.

Cranbourne, viunga vya Melbourne, Australia. Shimo la zamani la kuchimbia mchanga likafanywa dampo, pembeni halikuwa na utando wa kuzuia kitu. Likaacha kupokea taka mwaka 2005. Wakati huohuo mtaa mpya wa nyumba unajengwa unalisogelea, nyumba nzuri tu za watu wenye mikopo ya benki. Septemba 2008 gesi ikakutwa ndani ya nyumba na watu wakashauriwa kuhama. Kesi ya wakazi iliisha kwa malipo ya dola za Australia milioni 23.5. Mchunguzi wa malalamiko wa jimbo la Victoria alitoa ripoti yake 2009, na ukiisoma unaona tatizo halikuwa ukosefu wa sayansi. Kuna waliojua kwamba nyumba zinasogezwa karibu mno na dampo, na bado vibali vilipita.

Kwa hiyo mimi nikipita mahali naulizia kitu kimoja ambacho hakina mashine. Namba za vipimo ziko wapi? Nani anazo? Mtu akitaka kujenga leo pale ng'ambo ya uzio, ofisi ya vibali ina ramani inayoonyesha visima vya gesi na walichosoma mara ya mwisho? Au ziko kwenye kompyuta ya mkandarasi ambaye mkataba umeisha?

Maswali sasa. Nimechukua mawili.

Mama mmoja ameuliza, sisi hatuna mashine, tufanye nini? Mama, macho yenu yanaona mengi. Nyasi au miti ikifa kwa mabaka wakati sehemu nyingine iko kijani, gesi inaweza kuwa imefukuza hewa kwenye mizizi. Udongo ukiwa wa moto sehemu moja, mapovu kwenye madimbwi baada ya mvua, nyufa mpya juu ya dampo, sehemu iliyobonyea ikawa bwawa, maji ya kisima yaliyobadilika rangi au harufu. Andikeni tarehe, pigeni picha, pelekeni kwa kamati kwa maandishi. Mkihisi gesi ndani ya nyumba msiwashe wala msizime kitu chochote cha umeme, fungueni milango, tokeni, pigieni simu mkiwa nje.

Kijana wa mwisho kule ameuliza, tunaacha kupima lini? Ukiwa na vipimo vya miaka kadhaa mfululizo, vyenye siku za presha kushuka ndani yake, vyenye masika na kiangazi, visima havijafunikwa na maji, na kloraidi ya kisima cha chini imekaribia ya kisima cha juu, hapo unaweza kwenda kwa mamlaka ukaomba kupunguza. Kupunguza kwanza, kutoka miezi mitatu kwenda sita. Ukienda na vipimo vya Jumatatu saa nne na jua kali, mimi nikiwa upande wa pili wa meza nakurudisha.

Wanaotaka kushika mashine wenyewe, nimeacha karatasi ya majina hapo mlangoni. Tarehe sijaandika kwa sababu inategemea utabiri, presha ikionyesha kushuka nitawatumia ujumbe jioni yake na tunakutana asubuhi getini, njooni na buti za mvua. Simu na sigara zitabaki kwenye gari.